Kopo la Mjomba

Kopo lenyewe ni la Kimbo, la kilo mbili. Rangi imetoka na kifuniko kimepinda upande mmoja, kwa hivyo ukikifunga sharti ukipige kofi. Kwa miaka zaidi ya thelathini lilikaa rafuni katika banda la mjomba wangu, hatua chache kutoka pwani ya Shela, Malindi, kati ya debe la grisi na redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Wateja wenye haraka walitia mkono humo wakitafuta boliti, naye akawazuia bila kuinua kichwa: "Humo hamna kizima."

Mjomba alikuwa fundi wa mashini za boti. Hakuwa na karakana ya kujivunia. Alikuwa na meza moja, pipa moja la maji, boriti mbili za kutundikia mashini, na spana alizoachiwa na Mzungu mmoja wa boti za uvuvi wa kitalii aliyerudi kwao. Kanuni ya kopo ilikuwa hivi. Kipuri kilichokufa kwa uzee tulikitupa guniani, na gunia likijaa akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Kipuri kilichokufa kwa mkono wetu hakikuuzwa. Kilioshwa, kikapakwa grisi kisishike kutu, kikaingia koponi juu ya vilivyotangulia. Havikupangwa wala havikuchanganywa. Cha zamani kilikaa chini, kipya juu.

Chini kabisa palikuwa na pistoni yake mwenyewe. Hiyo ni hadithi ya kabla yangu, lakini niliisikia mara nyingi kwa wavuvi waliopenda kumtania. Mashini ndogo za boti za siku zile hazikuwa na tangi la oili. Oili zilinywa pamoja na petroli, na kazi ya kuchanganya ilikuwa ya fundi au nahodha. Kipimo cha pwani kilikuwa chupa ya soda ya mililita 300 kwa lita 15 za petroli. Asubuhi moja mjomba alikuwa amemimina petroli mtungini, chupa ya oili i mkononi, akaitwa kunywa chai. Alienda, akala na mahamri mawili, akarudi, akaiona chupa ya oili karibu na mtungi, akajiambia: hii nimeshatia. Mashini ilinata karibu na mnara wa Vasco da Gama, pistoni imegandamana na silinda kama iliyochomelewa.

Tangu siku hiyo alibadili mpangilio. Oili kwanza, petroli baadaye. Mtungi mtupu wenye oili chini unajisema wenyewe, lakini mtungi uliojaa petroli utakujibu lolote unalotaka kusikia. Akaongeza jambo la pili lililomletea sifa mbaya mtaani: akiwa anachanganya mafuta haitiki salamu. Ungemtolea "Assalamu alaykum" ukasimama, na jibu lingekuja baada ya kifuniko cha mtungi kukazwa. Waliomjua walingoja. Wasiomjua walisema fundi yule ana kiburi.

Mimi nilimaliza kidato cha nne mwishoni mwa 1997, mwaka wa mvua za El Niño. Wanaoijua Malindi wanajua kwamba bahari yetu haiwi ya buluu mwaka mzima. Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Galana na juu zaidi Athi, humwaga udongo wa bara kaskazini mwa mji, na pepo za kaskazi huusukuma udongo ule hadi kwetu. Mvua zikikaza, ghuba huwa rangi ya chai ya maziwa. Mwaka ule haikuwa chai tena, ilikuwa uji wa wimbi. Watalii walilalamika hotelini, wavuvi wakaendelea na kazi, na hakuna aliyefikiria kwamba kuna kitu kingine kinachoyanywa maji yale kutwa.

Mashini ya boti haina rejeta. Hunyonya maji ya bahari kwa pampu iliyo chini, karibu na propela, maji yakapanda, yakapoza injini, na mengine yakatoka kwa tundu dogo nyuma. Wavuvi husema mashini inakojoa. Ukiwa na nguvu mkojo, safari ni njema. Ukikatika, zima upesi. Ndani ya pampu mna impela, kigurudumu cha mpira chenye majani yanayojikunja na kujikunjua kila kinapozunguka. Maji yenye mchanga huyala majani hayo polepole kama tupa.

Februari 1998 nahodha mmoja alileta Yamaha ya nguvu za farasi kumi na tano inayokojoa kwa shida. Mjomba alikuwa Mombasa kutafuta vipuri. Nilikuwa na wiki sita bandani na tayari nilikuwa nimeanza kutembea kama fundi, spana mfuko wa nyuma. Nikachukua spoku ya baiskeli, nikachokoa tundu, takataka ikatoka, mkojo ukaruka. Nahodha akafurahi, nikapokea shilingi 100. Kesho yake, wakiwa wanne ndani ya boti upande wa Mayungu, mashini ikachemka ikafa. Walipiga kasia hadi isha.

Mjomba aliporudi hakunigombeza. Alifungua pampu mbele yangu, akaniwekea impela kiganjani. Majani yalikuwa yameisha ncha, yamebaki visiki kama meno ya mzee.

"Mgonjwa kakwambia tumbo linamuuma," akasema, "wewe umempigisha mswaki."

Gaskiti ya kichwa na ringi zililipwa na banda, na mimi nikafanya kazi miezi miwili bila mshahara. Impela ikaoshwa, ikaingia koponi. Ya pili ilifuata mwaka huohuo: niliwasha mashini ikiwa imetundikwa kwenye boriti, nje ya maji, ili mteja asikie inavyounguruma. Sekunde chache tu. Mpira usio na maji huungua kwa kujisugua, lakini mteja alivutiwa sana, sikatai.

Kuna jambo nimeona halisemwi na watu wanaowafundisha wavuvi kutunza mashini. Kila kijitabu kinasema: ukirudi kutoka baharini, suuza mashini kwa maji matamu. Nimeshuhudia semina mbili pwani ambapo kijana aliyevaa fulana mpya aliwaeleza wazee hilo kana kwamba hawajawahi kusikia. Wanajua. Maji yanayotumika Malindi yanatoka visima vya Baricho, kandokando ya Sabaki huohuo, na bomba lake linafika hadi Mombasa. Lakini kwa mvuvi aliyeshuka pwani maji ni mtungi unaonunuliwa kwa mwenye mkokoteni, na kusuuza mashini vizuri kunataka mitungi kadhaa. Siku ya samaki wengi huna muda, mnunuzi anangoja na barafu inayeyuka. Siku ya kukosa samaki huna hela ya mtungi. Kwa hivyo kosa la kutosuuza nisingeliita ujinga. Ni mtu aliyepiga hesabu ya leo tu, kwa sababu ya leo ndiyo aliyo nayo mkononi. Mjomba alilijua hilo ndiyo maana pipa lake lilikuwa bure kwa mteja yeyote, naye alilipa maji mwenyewe, na ndiyo maana hakupata kununua hata pikipiki.

Pipa hilo ndilo lililonifunza somo kubwa, na nililikataa.

Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004, baada ya adhuhuri, maji yalitoka pwani bila wakati wake. Yalitoka haraka, boti zikalalia ubavu kwenye matope, watoto wakakimbilia samaki waliobaki. Kisha yakarudi. Yakatoka tena, yakarudi tena, hadi jioni. Hatukulijua neno tsunami. Tulilisikia redioni usiku, pamoja na habari za Sumatra. Kwa bahati Kenya tuliguswa kidogo, alikufa mtu mmoja, ilhali jirani zetu wa Somalia walikufa karibu 300. Sisi pale ufukweni, kati ya boti zilizogongana, tulikuwa na mashini mbili zilizozama.

Mjomba alitoka mbio na moja begani, akaitumbukiza kwenye pipa la maji matamu, yote, kichwa chini. Akanipigia kelele nami nifanye hivyohivyo na ya pili, nitafute pipa kwa jirani. Pipa nililipata. Lakini mwenye mashini alikuwa amesimama pale, mtu mzima, machozi yanamtoka, na alipoona ninataka kuitia majini tena akanishika mkono. "Imekunywa maji yote haya, mwataka kuiongeza?" Neno lake likaniingia. Nikaitundika, nikatoa plagi, nikaifuta kwa matambara makavu, nikaipuliza kwa pampu ya baiskeli, nikaianika juani. Hadi magharibi ilikuwa inang'aa. Mwenyewe alinipa mkono.

Mjomba alikuwa na kazi nyingi usiku ule. Ya kwake aliitoa pipani, akaikung'uta maji kwa kuvuta kamba ya kuwashia, akamimina oili ndani ya silinda, akasafisha kabureta, na saa nne usiku ikaunguruma, akaiacha ifanye kazi nusu saa ili joto litoe unyevu. Ile yangu aliitazama mara moja tu, akauliza imeoshwa? Nikasema imekauka. Akanyamaza.

Siku ya tatu kamba haikuvutika. Tulipoifungua, beringi za kranki zilikuwa nyekundu.

Sababu yake si uchawi. Kutu hutaka maji na hewa, na chumvi huiharakisha. Chuma kilichozama majini hakipati hewa ya kutosha. Chuma kilichotolewa kikaachwa na chumvi yake juani kimepewa vyote. Chumvi ikikauka haitoki, imebaki palepale, na usiku unyevu wa pwani huiamsha. Kwa hivyo mashini iliyozama baharini, kama huwezi kuifungua saa hiyohiyo, mahali pake salama ni ndani ya maji matamu. Kila kitu katika nafsi yako kitakwambia uikaushe. Mwenye mali atakulilia uikaushe.

Ungedhani baada ya hapo nilikuwa nimehitimu. Mwaka 2013, nikivuka Mida Creek kwa mtumbwi kwenda kuangalia mashini ya mtu, simu ilinitoka mfukoni ikaanguka kwenye maji ya chumvi kati ya mikoko. Niliiokota upesi. Nikaifanyaje? Nikaifuta kwa shati, nikaitia ndani ya mchele siku mbili, kwa sababu ndivyo kila mtu alivyoniambia. Mchele hunyonya maji kidogo. Chumvi haunyonyi. Ningetoa betri na kuisuuza kwa maji matamu kwanza labda ingepona. Ilikufa na namba za wateja wa miaka sita. Na mchele tuliupika, maana nyumbani hawatupi chakula, ukawa na ladha ya bahari. Mjomba alipoisikia habari ile alicheka hadi akakaa chini. Akaomba maiti ya simu, akaitia koponi.

Sasa nije kwenye nyumba, ambayo sipendi kuieleza.

Mwaka 2003 mimi na dada yangu tulimjengea mama vyumba viwili. Hela zilikuwa chache. Mawe ya matumbawe tulipata kwa bei nafuu, saruji tulinunua mfuko baada ya mfuko, na mchanga wa mto ulikuwa unaletwa kwa lori kutoka Sabaki kwa bei iliyotushinda. Mchanga wa pwani ulikuwa hapo, mweupe, laini, na mkokoteni wa punda uliuleta kwa chai tu. Fundi wa ujenzi alitikisa kichwa. Tukamwambia kuta tutatumia wa mto, linta peke yake utumie huu, si kitu kidogo? Wala hakubishana sana, alikuwa na nyumba nyingine ya kukimbilia.

Miaka saba hakikuonekana kitu. Mwaka wa nane ukatokea ufa juu ya dirisha la chumba cha mama, mwembamba, umefuata nondo kama uliochorwa kwa rula. Tukaupaka saruji. Ukarudi mpana zaidi, na ukingoni mwake doa la rangi ya kahawia. Tukaupaka tena na kupiga rangi, kwa kuwa Idi ilikuwa karibu. Unaona tulichokuwa tukifanya: spoku ya baiskeli, tundu lilelile. Usiku mmoja wa masika, 2011, kipande cha zege chenye ukubwa wa mkate kikaanguka juu ya meza ya cherehani. Mama alikuwa ameinuka dakika chache kabla kwenda kuswali.

Chumvi ya mchanga ilikuwa ikiila nondo ndani ya zege miaka yote ile. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, na zege haina pa kwenda ila kupasuka. Tungeweza kuusuuza mchanga ule kwa maji matamu kabla ya kuukoroga. Tulilifikiria? Hapana. Mimi, ambaye kutwa nilisuuza mashini, sikufikiria mara moja kwamba mchanga nao umetoka baharini.

Nilipokuwa shule ya msingi walitupeleka Gede, kwenye magofu, yale ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua 1948 na ambayo mwaka 2024 yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mwalimu alituonyesha msikiti, jumba la mfalme, na visima. Niliporudi huko mtu mzima, baada ya linta ya mama, nilikuwa naangalia kitu kingine kabisa. Nilitafuta chuma. Kuta zile zimekaa karne na karne karibu na bahari hii hii, mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti zimeoza, dari zimeanguka, kuta zipo. Hamna nondo ya kuvimba. Sisemi turudi kujenga kama Gede. Nasema waliojua kidogo kuliko sisi kuhusu saruji walijua zaidi kuhusu mahali. Kipande cha linta, chenye nondo nyembamba iliyobaki kama kijiti cha mshikaki, nilikipeleka bandani mwenyewe. Mjomba akakigeuzageuza.

"Hiki si cha mashini."

"Ni kosa langu, mjomba."

Akakitia.

Makosa ya fedha yalikuwa na shida moja: hayaachi kipuri. M-Pesa ilipoanza, Machi 2007, sisi wa banda tulikuwa miongoni mwa waliofurahi zaidi, maana kabla yake kununua gaskiti Mombasa kulimaanisha nauli, siku nzima, au kumpa dereva wa matatu pesa mkononi na kumwombea dua. Mwaka 2009 nilituma shilingi 3,000 kwa mwenye duka la vipuri, nikakosea tarakimu moja. Siku hizi jina hujitokeza kabla hujathibitisha. Wakati ule pesa zilikwenda tu. Nilipiga namba ile. Alipokea mzee, Kiswahili chake cha bara, akaniambia kwa upole kwamba alidhani zimetoka kwa mwanawe wa Nairobi na ameshanunua mbolea. Mimi nilikuwa nimejiandaa kutukana. Akaniuliza, unaweza kungoja mahindi? Alirudisha 500, kisha 500, kisha 1,000 baada ya mavuno, na kila mara alipiga simu kuuliza samaki wakoje. Ile 1,000 iliyobaki nilimwachia. Karatasi niliyoandikia namba, 7 yangu imefanana na 1, mjomba aliikunja akaitia koponi akilalamika kwamba karatasi inanyonya grisi.

Kosa la mkopo lilikuwa ghali zaidi, na bado naliona watu wakilirudia. Mikopo ya simu ilikuwa imeanza mwishoni mwa 2012. Aprili 2014 nilipata mashini iliyokufa, nikaona nikiifufua nitaiuza mara mbili. Nikakopa 20,000 kwa simu, nikiwa nimelala kitandani, kwa dakika moja. Ada asilimia 7.5, siku 30. Nikapiga hesabu: shilingi 1,500, ni kitu gani?

Aprili ni mwanzo wa kusi. Boti ndogo zinavutwa juu ya mchanga, watu wanakalafati, wanapaka deheni, wanashona nyavu. Hakuna anayenunua mashini Mei. Mimi nimezaliwa pwani, nimekulia ufukweni, na nilikopa kana kwamba sijui upepo unavuma kutoka wapi. Siku 30 zilipita, ada ikarudiwa. Nikakopa kwa chama cha mtaani kulipa simu, kisha kwa dada kulipa chama. Nilichelewa mara moja, na jina langu likakaa miezi kadhaa kwenye orodha ya wasiolipa. Mashini niliiuza Oktoba, bei nzuri kweli. Nilipomaliza kulipa kila mtu nilibakiwa na hela za viatu.

Asilimia zile sizilaumu, nilizisoma kabla ya kubonyeza. Mjomba ndiye aliyeona kosa lilipo. "Simu ina mwezi wa siku thelathini," alisema, "na wewe kazi yako ina pepo mbili." Akasema lingekuwa deni la miezi sita, hata kwa ada kubwa kuliko ile kwa jumla, ningelala usingizi. Nikamuuliza tutie nini koponi. Akafikiri. Akasema hakuna, ndiyo ubaya wake.

Juni mosi 2019, sikukuu ya Madaraka, ilitangazwa kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zitakoma kutumika mwisho wa Septemba. Tulikuwa tunasikiliza redio ileile ya mpira wa baiskeli. Mjomba wakati huo macho yalikuwa yamedhoofu, alikaa tu kwenye kiti chake akinisikiliza nikifanya kazi, na akisikia spana imeteleza anasema "taratibu." Miezi ile minne nilikuwa mhubiri. Niliwaambia wateja wote, wazee wa msikitini, mama na mashoga zake, waangalie chini ya magodoro. Niliwakumbusha walioniudhi pia. Septemba mjomba alinipa noti 17 zilizofungwa kwa uzi, akaniambia nimpelekee benki. Nikamuuliza, ni zote? Akasema ni zote.

Alifariki 2021. Baada ya arubaini nilisafisha banda. Nilivunja rafu, nikagawa spana, na mwishowe nikakaa na kopo mapajani. Nilipiga kifuniko kofi kikafunguka.

Juu kabisa, juu ya maiti ya simu, juu ya kipande cha linta, palikuwa na karatasi ya nailoni iliyokunjwa mara nne, imefutwa grisi vizuri. Ndani yake noti mbili za elfu, zile za zamani zenye picha ya Mzee Kenyatta. Kama angaliziweka kama akiba zingalikuwa chini, karibu na pistoni. Alizikuta baada ya siku kupita, mahali fulani alipokuwa amesahau, na hakuniambia mimi mhubiri. Aliinuka kwenye kiti chake siku ambayo sikuwepo, akapapasa rafuni, akazitia mahali pake.

Benki Kuu ilitoa hesabu kwamba noti zipatazo milioni 7.4 za elfu moja hazikurudi. Mbili kati ya hizo ninazo mimi.